Kitabu Hakirudi Kitupu

Mume wangu alikuwa mtu wa kwanza Sumbawanga kulipwa mshahara kwa kazi ya kuwanyamazisha watu. Nawaambia hivyo wajukuu wanaokuja kuniuliza habari zake, wamekaa na madaftari yao na sura za msibani, nao hawapendi. Wanataka niseme alikuwa mwanga wa elimu, baba wa vitabu Ufipa nzima. Alikuwa hivyo, sikatai. Lakini mimi ndiye niliyefua soksi zake, na mtu aliyekufulia soksi miaka yote ile hawezi kukuita mwanga bila kucheka kidogo.

Waingereza walikuwa bado wanatutawala, na Sumbawanga ilikuwa boma, misheni, mstari mmoja wa maduka, na upepo. Mume wangu alikuwa karani wa baraza. Ikaja barua kwamba Serikali inatafuta kijana mwenye mwandiko mzuri na tabia njema, apelekwe kujifunza kutunza vitabu. Mwandiko alikuwa nao. Akaondoka kwa lori kupitia Tunduma, akakaa huko masomoni wiki sita, akarudi amevaa tai na anatembea kwa ncha za vidole. Nyuma ya lori yalikuwa makasha mawili makubwa ya mbao, yamejaa vitabu. Watu waliona makasha yale marefu, wakaona na uso wake ulivyokuwa mzito, wakadhani kuna maiti. Wanawake wawili walianza kulia kabla hajashuka.

Baraza likatupa nyumba ya matofali karibu na soko, ya vyumba vitatu. Chumba cha mbele kikawa nyumba ya vitabu. Sisi na watoto tukabanana kwenye viwili vya nyuma, na jiko langu likawa uani. Mzee mmoja Mwislamu mwenye duka na malori akatoa kaunta yake ya zamani iwe meza. Kwa kuwa mjini palikuwa na Bwana Shamba na Bwana Afya, watu wakamwita mume wangu Bwana Vitabu. Na mimi, bila kuulizwa na mtu, nikawa Mama Vitabu.

Sasa msidhani mimi namcheka tu. Yule mtu alifanya kazi. Kila kitabu alikivalisha karatasi ya mfuko wa sukari, na kilichochanika alikishona kwa sindano ya magunia, ulimi umetoka nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Mlangoni aliweka beseni la maji na sabuni, na hakuna aliyeingia bila kunawa, hata mwezi wa sita ambapo maji ya kwetu yanang'ata. Alipakia vitabu kwenye baiskeli akavipeleka mpaka kijiji cha Kate. Aliteremka navyo bondeni mpaka Ilemba, akarudi na malaria na orodha ya watu wanaotaka vingine. Palipokuwa na wasiojua kusoma, alikaa akawasomea, kisha akawaeleza kwa Kifipa, akiigiza sauti ya kila mtu, hata za wanawake, ambazo zilimshinda. Kabla yake, kitabu kwetu kilikuwa kitu cha padri na cha karani wa kodi. Yeye ndiye aliyekifanya kitu ambacho mkulima anaweza kukibeba kwapani akaenda nacho nyumbani kwake. Hilo nalisema bila utani.

Tatizo lake lilikuwa sheria. Alizipenda sheria kuliko alivyopenda ugali wa ulezi. Alizibandika ukutani kwa mwandiko wake ule uliompatia kazi. Ya kwanza, kimya. Ya pili, mikono safi. Ya tatu, kitabu kirudi baada ya siku kumi na nne. Ya nne, anayeazima aoneshe tiketi yake ya kodi, ili ajulikane ni nani. Sasa kodi ile walilipa wanaume, kwa hiyo daftari lake lilijaa wanaume watupu.

"Na wanawake?" nilimwuliza.

"Mwanamke ataazimiwa na mumewe."

"Na asiye na mume?"

"Mama watoto, unapiga kelele kwenye chumba cha kusomea."

Na sheria ya tano ilitoka kwa wakubwa wake wa vitabu, ilikuja imepigwa chapa kabisa: vitabu ni bure, na mtumishi atakayepokea chochote kwa ajili ya kitabu atafukuzwa kazi. Hiyo aliipigilia misumari minne.

Hapo ndipo ninapoingia mimi na makosa yangu. Nyie vijana wa leo labda mmesahau, lakini kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Umeazima ungo, unaurudisha na viazi viwili ndani. Umeletewa mboga kwenye bakuli, bakuli linarudi na unga. Ukilirudisha tupu, mwenye bakuli hatasema neno, atakushukuru na kukupigia makofi ya heshima, lakini wewe mwenyewe njia nzima utatembea umeinama. Na haya ni mambo ya wanawake. Mwanamume gani amewahi kurudisha ungo? Mwanamume hajui hata ungo ulitoka nyumba gani.

Basi wanaume waliazima vitabu kwa mlango wa mbele, wamenawa, wameonesha tiketi, wametembea kwa vidole. Lakini siku ya kurudisha ikifika, nani anakuja mjini na mzigo kichwani? Mke. Na mke hakupita mbele, kwenye kaunta na makarani wa boma wanaosoma gazeti na ile sura ya mume wangu. Alipita uani, jikoni kwangu. Alipiga magoti, tukasalimiana vizuri, tukaulizana habari za watoto na za matuta, kisha akatoa kitabu kwenye kitenge. Na juu ya kitabu palikuwa na mayai matatu, au kibaba cha maharage, au unga wa ulezi, au samaki wakavu wa Ilemba.

Ningefanyaje? Nimrudishie mayai yake, nimwambie Serikali imekataza? Nilisoma ile sheria ya misumari minne mara mbili, nikajishauri, nikaona imeandikwa "chochote", na yai si chochote, yai ni yai. Nikapokea. Kitabu nilikiweka taratibu kwenye kaunta wakati mume wangu amelala usingizi wa mchana. Akiamka anakikuta, anatazama sheria yake ya tatu ukutani, anatabasamu.

"Unaona, mama watoto? Watu wakiandikiwa vizuri wanaelewa."

"Naona, baba."

Na jioni akila mayai alinisifu kwamba najua kubana matumizi. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Wengine walirudisha kitabu na kuomba kingine hapo hapo jikoni, au kuomba waendelee na kile kile. Nami nilimwambia tu mume wangu, "Yule wa Kate anaomba aendelee nacho," naye akaandika daftarini jina la mwanamume wa Kate. Kwa namna hiyo tuliishi kwa amani mwaka mzima na zaidi.

Aliyeharibu ni mdomo wangu. Siku moja mwanamke mmoja muuza mboga alikuja kurudisha kitabu akiwa na haraka zake, hakuleta kitu. Nami, kwa kuwa sikuweza kuacha utani unipite hata siku moja, nikamwambia, "Loo, dada! Kwaresima bado, mbona kitabu kimefunga?" Tulicheka wote, naye alicheka sana. Nikajiona mjanja. Utani wangu ulitoka pale ukatembea mbali kuliko baiskeli ya mume wangu, na mimi sikujua.

Ikaja miezi ya njaa. Kwetu Januari hadi Machi mvua inanyesha, kila kitu ni kijani, na hakuna cha kula. Mahindi bado machanga, ulezi wa mwaka jana umekwisha, na kilichobaki ni mbegu ya maharage ya kupanda, ambayo hailiwi hata mtoto akilia. Vitabu vikaacha kurudi. Wiki ya kwanza mume wangu alisema ni mvua. Wiki ya tatu alisema ni uvivu. Mwezi ulipokwisha, makasha yote mawili yalikuwa yanatazamana matupu, na yeye anapangusa vumbi kwenye rafu zisizo na kitu. Akaandika tangazo jipya, la wino mwekundu. Hakuja mtu.

Halafu ikafika barua. Memsahibu mkubwa wa vitabu atapita Sumbawanga baada ya wiki mbili kukagua. Vitabu vyote viwe ndani siku hiyo. Visipokuwepo, makasha yatapakiwa yapelekwe wilaya nyingine inayojua kuyatunza, na Bwana Vitabu atarudi kwenye ukarani wa baraza.

Mume wangu alisoma barua ile akaikunja, akaikunjua, akaisoma tena. Alikwenda kukaa kwenye kasha tupu, ameweka mikono magotini. Nikamwona jinsi alivyo, mtu mzima na tai yake, na macho yamejaa machozi.

"Wafipa hawataki vitabu," alisema. "Nimewalazimisha. Kumbe walikuwa wananiheshimu tu."

Mimi nilijua kwa nini vitabu havirudi. Nilikuwa nimekutana sokoni na mama mmoja wa Katandala, akaniona, akakata kona nyuma ya magunia kama mtu aliyemwona askari wa kodi. Nilimfuata, akaniambia kwa kunong'ona, macho chini: "Nisamehe, dada. Kitabu chako kipo, nimekihifadhi vizuri. Sina cha kukirudishia. Tukivuna tu nitakileta." Na si yeye peke yake. Wote walikuwa wanasubiri mavuno. Nani angethubutu kuwa wa kwanza kuleta kitabu kilichofunga kabla ya Kwaresima?

Mficha uchi hazai. Nikafunga mlango wa mbele, nikakaa kwenye kasha la pili, nikamwambia yote. Alinisikiliza amekodoa macho.

"Yale mayai?" akauliza.

"Ndiyo, baba."

"Samaki wa Ilemba?"

"Ndiyo."

"Na yule jogoo wa Krismasi?"

"Yule alikuja na kitabu cha useremala."

Alisimama akatoka nje, akasimama kwenye mvua na koti lake. Niliona anahesabu kwa vidole, nikajua anapitia vyakula vyote alivyokula mwaka mzima. Alirudi amelowa, amekasirika sana, na alikuwa na haki. "Ungenifukuzisha kazi," alisema. Nikasema ndiyo. "Na mimi nilikula!" Nikasema ndiyo, tena ulirudia.

Hakucheka. Lakini alikuwa mtu wa kutenda, na kutenda kwake kulikuwa kutangaza. Jumapili akasimama nje ya kanisa baada ya misa, akawaambia watu kwa Kifipa na kwa Kiswahili kwamba kitabu si ungo, kirudishwe hivi hivi, hakuna anayetaka kitu. Watu walimsikiliza kwa adabu zote. Wanawake walipiga magoti wakapiga makofi ya kumshukuru. Akarudi nyumbani anang'aa. Jumatatu hakuja mtu, Jumanne hakuja mtu, na Jumatano alikuja mmoja kuuliza kama kweli Bwana Vitabu anaumwa, maana maneno aliyoyasema kanisani si ya mtu mzima.

Zikabaki siku nne. Mwanamume alikuwa amemaliza maarifa yake. Mimi nikaenda kwenye kona ya chumba chetu, nikafungua mtungi wangu wa mbegu. Yalikuwa maharage ya shamba letu la Machi, yote. Mama yangu asingeniruhusu kula hata punje ya mtungi ule. Nilikaa nayatazama nikamwomba msamaha huko aliko. Halafu nikayafunga konzi konzi kwenye vipande vya jani la mgomba, kila kitabu konzi moja, nikajitwisha, nikatoka.

Nilikwenda nyumba kwa nyumba, na wa mbali nikawatumia kwa wanawake waliokwenda huko. Sikuzungumza habari ya kitabu hata mara moja. Niliingia, nikapiga magoti, nikasalimu, nikaomba msamaha kwamba tangu mwaka jana sijamtembelea mwenzangu, nikaacha kifurushi, nikaaga. Walielewa. Mmoja aliyekuwa anatwanga alisimamisha mchi akanitazama, kisha akacheka, akasema, "Dada, mdomo wako umekutembeza." Nikamwambia, "Umenitembeza mpaka nyayo zinawaka."

Nyumba ya mwisho ilikuwa Katandala, ya mama yule aliyejificha nyuma ya magunia. Alikuwa mjane. Mumewe alifariki wakati wa mavuno ya ulezi, mume wangu akiwa safarini bondeni. Mimi nililia kwenye matanga yake. Nilimkuta na watoto watatu wamekaa kimya, na mafiga yao yamepoa. Jivu lilikuwa jeupe. Nilitaka kumwachia konzi mbili, nikaogopa kumwaibisha, nikaacha moja kama kwa wengine. Njiani nilijilaumu, nikajiambia angalau leo watapika.

Siku ya memsahibu ikafika. Gari lake lilikuja limejaa tope mpaka kwenye vioo, akashuka mama mfupi wa viatu vya wanaume, anazungumza Kiswahili cha pwani, safi kuliko cha mume wangu. Alinawa mikono kwenye beseni bila kuambiwa, na mume wangu karibu aanguke kwa furaha. Kisha akafungua makasha. Matupu.

"Vitabu vi wapi, bwana?"

"Vinakuja, memsahibu," alisema mume wangu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayemwombea mgonjwa.

Na vikaja, lakini si kwa mlango aliokuwa anautazama. Uani kwangu wanawake walianza kuingia, mmoja, wawili, kisha kundi zima, kila mmoja na kitabu ndani ya kitenge na kifurushi cha jani la mgomba. Magoti, salamu, makofi, vicheko. Kelele hizo hazikuwahi kusikika kwenye nyumba ile. Memsahibu akafuata sauti, akapita vyumba vyetu na kitanda chetu kisichotandikwa, akatokea jikoni. Alivitazama vitabu, kisha akaviona vifurushi.

"Hivi ni nini?"

Mume wangu alikauka. Mtu yule hakujua kusema uongo. Hata akienda kuungama kwa padri alikuwa anatafuta dhambi za kutosha. Nikajua leo kazi imekwisha.

"Maharage, memsahibu," akasema.

"Ya nani?"

Alinitazama. Alitazama vifurushi. Nikaona uso wake unafunguka polepole, maana jibu la kweli lilikuwa lile lile la kumwokoa.

"Yetu," akasema. "Ni mbegu ya mke wangu. Aliwagawia wiki hii, na leo wanaturudishia."

"Awagawie, halafu warudishe? Kwa nini?"

"Ili vitabu visirudi vitupu."

Ikabidi aelezwe. Mume wangu alieleza kwa Kiswahili cha ofisi, mimi nikasahihisha, wanawake wakanisahihisha mimi. Memsahibu aliandika kwenye karatasi zake muda mrefu. Kisha akahesabu vitabu, akavilinganisha na orodha. Kilikosekana kimoja, kitabu cha ufugaji wa nyuki. Tukasubiri. Dereva alikwishawasha gari mara moja akalizima, ndipo mjane wa Katandala akaingia, amelowa, mtoto mgongoni, kitabu kimefungwa kwenye nguo kavu kuliko aliyovaa yeye.

Memsahibu akafungua daftari. "Kitabu hiki kimeazimwa na mwanamume. Yuko wapi?"

Mjane akapiga magoti. "Ametangulia, memsahibu. Tangu mavuno ya ulezi."

Mume wangu akalisogelea daftari, akapitisha kidole chini ya majina. Tangu mavuno ya ulezi alikuwa amemwandika marehemu yule mara tatu, kwa mwandiko mzuri, na namba ya tiketi ya kodi.

"Bwana," alisema memsahibu, "huyu marehemu anapenda sana kusoma."

Hakuna aliyecheka. Nikasimama mbele ya mume wangu. "Ni mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyemwambia aandike. Nilijua mwenyewe amefariki. Lakini mke wake alikitaka kitabu, na daftari hili halimjui mwanamke."

"Na wengine? Ni wangapi wanaopita hapa jikoni?"

Ningeweza kupunguza. Lakini nilikuwa nimechoka kuficha. "Wote, memsahibu. Mlango wa mbele wanaingia wanaume kusoma gazeti na kujikinga na upepo. Vitabu vinapita hapa."

Yule mama alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, akavunja sheria ya kwanza mbele ya aliyeiandika. Alipofuta macho akamwambia mume wangu makasha yanabaki, ila daftari liseme kweli. Akapanda gari lake la tope, akaondoka.

Mimi nilikuwa nimebaki na kifurushi cha mjane mkononi. Nilikifungua. Maharage yalikuwa yote. Nilikuwa nimeyapima kwa kiganja changu mwenyewe, haikupungua hata punje moja, na nilikuwa nimeyaona mafiga yake yalivyopoa. Siku tatu alikaa na watoto wenye njaa na konzi ya maharage ndani ya nyumba, hakuyagusa, kwa sababu mke wa Bwana Vitabu aliwahi kufanya utani. Nililia pale pale, mbele ya watu, bila kujificha. Nikachukua chungu kikubwa, nikafungua vifurushi vyote, nikamimina. Wanawake wakapiga ukelele: mbegu, dada, mbegu! Nikasema leo haipandwi, leo inaliwa, na hakuna anayetoka uani kwangu kabla ya kula.

Maharage yanachelewa kuiva, kwa hiyo tulikaa. Yalipoiva, mume wangu alivua tai, akachukua upawa, akaanza kuwapakulia wanawake, yeye mwanamume wa Kifipa aliyesoma, na hakuna aliyemwomba. Alimwaga mchuzi kwenye viatu vyake. Watoto wa mjane walikula mpaka wakalala wamekaa.

Tulipomaliza akaleta daftari jikoni, akalifungua kwenye goti lake, akamwuliza mjane jina lake. Mjane alilitaja kwa sauti ndogo, kisha akauliza kama anaweza kuondoka tena na kile cha nyuki, maana mizinga ya mumewe ingali juu ya miti na ameanza kuijua. Mume wangu akasema anaweza. Akaweka rula juu ya jina la marehemu, akachovya kalamu, tayari kupiga mstari.

"Usimfute, Bwana Vitabu," alisema mjane. "Alikuwa ananifundisha kusoma kwa kitabu hicho. Hatujafika mwisho. Niandike hapo chini yake."

Mume wangu akaondoa rula. Akaandika jina la mke chini ya jina la mume, polepole, na siku ile wote wawili wakaazima kitabu kimoja.